Kukaripia na Kupinga kwa Kiingereza: Majibu kwa Wasomaji

Barua za safari hii zinahusu maneno ambayo Kiingereza hutumia mtu anapokemewa, na yale anayotumia mwenyewe akitaka kupinga. Makundi haya mawili hukaa pamoja kwenye kamusi nyingi, lakini sarufi yao ni tofauti kabisa, na hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Vitenzi vya kukaripia humchukua mtu moja kwa moja kama yambwa, yaani mtendewa anayekuja mara tu baada ya kitenzi. Vitenzi vingi vya kupinga hudai kihusishi, yaani neno dogo kama "to", "with" au "against". Majibu mengi yanayofuata yamejengwa juu ya tofauti hiyo.

Wanafunzi wangu wa sekondari huandika "scold" kila mahali. Mzazi "scolded" mtoto, meneja "scolded" karani, Bunge "scolded" waziri. Nahisi kuna kasoro, ila nikitaka kuwaeleza sababu nashindwa pa kuanzia.
*Mwalimu wa Kiingereza*

Kasoro unayoihisi, Mwalimu, ni ya cheo. Kitenzi cha kukaripia katika Kiingereza hubeba ndani yake habari ya nani anamsema nani. "Scold" ni neno la nyumbani na darasani: mkubwa anamgombeza mtoto, kwa hasira, na kwa kawaida kwa maneno mengi. Ukiandika kwamba meneja "scolded" karani wake, umemgeuza karani kuwa mtoto. Mwandishi mzoefu anaweza kufanya hivyo makusudi ili aonyeshe kuwa meneja alivuka mpaka. Mwanafunzi huwa hakukusudia.

Meneja akitumia mamlaka yake, neno ni "reprimand". Hili ni karipio la kiofisi. Linatoka kwa mwenye madaraka, mara nyingi limeandikwa, na huingia kwenye faili. Askari, mtumishi wa serikali, wakili aliyekiuka maadili ya kazi, mchezaji aliyefikishwa mbele ya kamati ya nidhamu, wote wanaweza kupewa "a reprimand". Rafiki hana uwezo wa kumpa rafiki yake kitu hicho.

"Rebuke" ni kukemea. Msomaji wa Biblia analo neno hili tayari: katika Marko 4:39 Yesu "akaukemea upepo", na Biblia ya Kiingereza ya King James inaandika "rebuked the wind". Ni kauli fupi, kali, ya mtu mwenye uhakika na anachosema. Haidai cheo cha ofisini, ndiyo maana magazeti huipenda: mahakama "rebuked" serikali, nchi moja "rebuked" nyingine. Bunge lako na waziri wake wanaingia hapa. Kama Bunge limepitisha azimio rasmi la kumshutumu, neno linabadilika kuwa "censured", na hilo tumelijibu mbele kidogo.

Ukishuka upande wa upole utakuta "chide" na "reprove". "Chide" ni kumsema mtu kidogo tu, wakati mwingine kwa mzaha wa mapenzi. "Reprove" ni kumwonyesha mtu kosa lake bila kupandisha sauti, hasa kosa la adabu au maadili. Jicho peke yake linatosha: "a reproving look" ni lile jicho ambalo mtu mzima humtupia mtoto anayeongea ibadani.

"Reproach" tunaomba ulifundishe kwa muda mrefu zaidi, maana wanafunzi wengi huliweka mahali pa "rebuke" na sentensi ikapoteza roho yake. Ndani ya "reproach" mna uchungu wa mtu aliyetarajia mema akayakosa. "She reproached him for forgetting his mother" haituambii kwamba alifoka. Inatuambia kwamba alimlaumu, na kwamba lawama ile ilitoka kwa mtu anayejali. Ndiyo maana mtu anaweza ku-"reproach" nafsi yake: "You have nothing to reproach yourself with", yaani huna cha kujilaumu. Hakuna anayejipa "reprimand". Tafsiri kadhaa za kisasa za 1 Timotheo 3:2 zinaandika "above reproach" mahali ambapo Kiswahili kinasema "asiyelaumika", na ulinganifu huo ni wa kuaminika.

Ukipanda upande wa ukali, "berate" ni kumfokea mtu kwa muda mrefu, maneno juu ya maneno. "Upbraid" linakaribiana nalo lakini ni la vitabuni zaidi. "Castigate" ni shambulio la hadharani, kwa hotuba au kwa maandishi: "The report castigated the company for ignoring safety rules." Mama hawezi kum-"castigate" mtoto kwa kumwaga maziwa.

Sasa sarufi, na hii ni moja kwa vitenzi vyote hivyo: mtu, kisha "for", kisha kitenzi chenye "-ing". "The manager reprimanded the clerk for losing the file." Kosa tunaloliona sana kwenye insha ni "scolded to me" na "rebuked at me". Chanzo chake kinaeleweka. Kiswahili kina "kufoka" na "kufokea", na kiambishi kile cha kauli ya kutendea ndicho kinachoonyesha hasira imeelekea wapi. Mwanafunzi anapohamia Kiingereza anatafuta mahali pa kuweka mwelekeo huo, anachomeka kihusishi. Vitenzi vya kukaripia havikihitaji. Kinachokihitaji ni "shout", na hapo kihusishi kinabeba maana nzima: "shout at" ni kumfokea mtu, "shout to" ni kumwita kwa sauti kwa sababu yuko mbali.

Zoezi linalofanya kazi darasani ni kuchukua kosa moja na kubadilisha anayesema. "My mother scolded me for coming late. The headmaster reprimanded me for coming late. My friend chided me for coming late. The newspaper castigated the officials for coming late." Kosa ni lile lile katika sentensi zote nne. Waambie waeleze ni kwa nini vitenzi haviwezi kubadilishana nafasi, kisha watunge zao.

Nimepewa barua ya Kiingereza kazini. Kichwa chake ni "Written Reprimand" na ndani imeandikwa "you are hereby admonished to observe working hours". Hili ni karipio au onyo? Na nikitaka kujibu kwamba sikubaliani na sehemu ya barua, niandikeje bila kuonekana mkaidi?
*Mtumishi*

Ndugu, barua yako ina yote mawili. "Reprimand" hutazama nyuma: umefanya jambo, na mwajiri anaandika kwamba halikubaliki. "Warning" hutazama mbele: ukirudia, kitafuata kitu fulani. "Admonish" limesimama katikati. Asili yake ni Kilatini "monere", yaani kuonya au kukumbusha, mzizi ule ule uliozaa neno "monitor". Linapofuatwa na "for" linakemea lililopita. Linapofuatwa na "to" na kitenzi, linaasa juu ya lijalo. Yako ni "admonished to observe", kwa hiyo kwenye sentensi hiyo unaaswa uzingatie saa za kazi. "Hereby" maana yake "kwa barua hii", wala haiongezi ukali wowote.

Isome tena ukitafuta maneno "final written warning". Yakiwemo, uko hatua ya mbali zaidi kuliko kichwa cha barua kinavyoonyesha, na unapaswa kufungua kanuni za nidhamu za mwajiri wako siku hiyo hiyo. Angalia pia kama barua inataja tarehe ya kosa na muda ambao karipio litakaa kwenye faili.

Kuhusu jibu, anza kwa "I acknowledge receipt of your letter dated", kisha tarehe. Kukiri kupokea si kukubali yaliyomo, na mtu wa ofisini atalielewa hivyo. Halafu tenganisha unachokubali na usichokubali, kila kimoja na sentensi yake fupi: "I accept that I arrived late on 4 May. I do not accept that I was absent on 5 May." Watu wengi hukosea hapa kwa kuchanganya vyote kwenye sentensi moja ndefu yenye "but", na msomaji akabaki na ile nusu inayowaumiza.

Chagua kitenzi chako kwa uangalifu. "Deny" ni kukana tendo: sikulifanya. "Dispute" ni kubisha usahihi wa maelezo: jambo lipo, lakini halikuwa hivyo mlivyoliandika. "Reject" ni kulikataa dai zima. "Refuse" liache, kwa sababu "I refuse this letter" linasikika kama umegoma kuipokea. Kwa jibu la heshima "dispute" ndilo linalobeba mzigo vizuri zaidi, maana linapinga maandishi bila kumgusa mwandishi.

Ukitaka kutumia "object", kumbuka "to" inayolifuata ni kihusishi. Baada yake huja nomino au "-ing": "I object to being described as dishonest." Wengi huandika "I object to be described", na ni kosa.

Ukitakiwa kutia saini na hutaki saini ihesabike kuwa ridhaa, maneno yanayotumika ni "signed under protest", yakiandikwa kando ya saini yenyewe. Uzito wake mbele ya sheria hutegemea sheria ya mahali ulipo, lakini maana yake ya Kiingereza haina utata: nimetia saini huku napinga.

Shikamooni. Kwenye kitabu cha mazoezi kuna sentensi "The prisoner protested his innocence." Mwenzangu anasema mfungwa alipinga kuwa hana hatia, yaani alikiri. Mimi sioni kama inaingia akilini. Nani yuko sahihi?
*Mwanafunzi*

Marahaba. Wewe. Mfungwa alishikilia kwamba hana hatia, na alilisema hilo kwa nguvu na mara nyingi.

Mwenzako ametumia maana ya sasa ya "protest" kwenye sentensi iliyobeba maana ya zamani. Neno limetoka Kilatini "protestari", yaani kutamka hadharani, kama shahidi. Ndani yake mna "testis", shahidi, ambalo pia limo ndani ya "testify" na "testimony". Kwa hiyo "protest" la kwanza halikuwa kupinga. Lilikuwa kutangaza kwa kiapo mbele ya watu. Tarehe 19 Aprili 1529, katika mji wa Speyer nchini Ujerumani, watawala 6 na miji huru 14 waliofuata mageuzi ya kanisa ya Martin Luther walitoa tamko la hadharani kuhusu imani yao dhidi ya uamuzi wa baraza la dola. Tamko hilo liliitwa "protestatio", na wafuasi wao wakaitwa Waprotestanti. Walikuwa wanapinga uamuzi, na papo hapo walikuwa wanashuhudia imani. Tukio hilo moja linaonyesha maana zote mbili zikiwa bado zimeshikana.

Leo maana ya zamani imebaki kwenye matumizi machache: "protest one's innocence", "protest one's love", na "protest that" ikifuatwa na sentensi nzima. "He protested that he had never seen the money" maana yake alisisitiza kwamba hakuwahi kuiona fedha hiyo. Kanuni ya kushika mtihanini: likifuatwa na "that", au na nomino ya jambo ambalo mtu anajidai analo, tafsiri kwa "kushikilia" au "kusisitiza".

Kwa maana ya kupinga, Kiingereza cha Uingereza hudai kihusishi. "Protest against" hufuatwa na kinachopingwa. "Protest about" na "protest at" hufaa pia kwa malalamiko madogo zaidi, kama huduma mbovu. "Protest to" hufuatwa na anayeambiwa. Unaweza kuziweka pamoja: "The passengers protested to the manager about the delay." Kiingereza cha Marekani huruhusu kuacha kihusishi kabisa: "They protested the war." Msahihishaji aliyezoea Kiingereza cha Uingereza anaweza kulikata hilo, kwa hiyo andika "against" nawe utakuwa salama pande zote mbili.

Usichanganye na "demonstrate", ambalo ni kuandamana au kukusanyika hadharani. "They demonstrated against the law" ni sahihi. Ukisahau "against" ukaandika "they demonstrated the law", umesema waliionyesha sheria namna inavyofanya kazi.

Natafsiri habari za michezo. Nimekutana na "The captain remonstrated with the referee". Nimeandika "nahodha alilalamika pamoja na refa", mhariri akanirudishia bila maelezo.
*Mtafsiri*

Mhariri alikuwa na haki, ingawa alipaswa kukueleza. "With" hapa haina maana ya "pamoja na". "Remonstrate with somebody" ni kumkabili mtu kwa maneno, ukimweleza kwa nini alichofanya si sahihi. Ni ile ile "with" ya "argue with" na "quarrel with". Kiswahili chake kizuri ni "nahodha alimlalamikia refa", au "alimjia juu refa" kama picha inaonyesha mikono hewani. Jambo linalolalamikiwa hufuata kwa "about" au "over": "remonstrated with the referee over the penalty".

Neno hili lina hoja ndani yake. Mtu anayepiga kelele tu ha-"remonstrate". Nomino yake, "remonstrance", katika historia ni hati ya hoja dhidi ya mtawala. Tarehe 22 Novemba 1641 Bunge la Uingereza lilipitisha kwa kura 159 dhidi ya 148 waraka mrefu wa malalamiko dhidi ya utawala wa Mfalme Charles wa Kwanza, na waraka huo unajulikana hadi leo kwa jina la Grand Remonstrance. Nduguye "expostulate" hutumika kwa sarufi ile ile, na utalikuta vitabuni zaidi kuliko magazetini.

Kwa kuwa unaandika michezo, jihadhari pia na "dissent". Katika Sheria ya 12 ya soka, "dissent by word or action" ni kosa la kadi ya njano: kupinga uamuzi wa mwamuzi kwa neno au kwa kitendo. Usiliandike "matusi". Lugha ya kutukana ni kosa lingine, na adhabu yake ni kadi nyekundu. Ukichanganya mawili hayo unamchafulia mchezaji jina. Nje ya uwanja, "dissent" huenda na "from", na "a dissenting judgment" ni hukumu ya jaji asiyekubaliana na wenzake walio wengi. Kwa sikio halitofautiani na "descent", kushuka, kwa hiyo ukitafsiri kutoka kwenye sauti iliyorekodiwa acha muktadha ukuongoze.

Mfanyakazi mwenzangu aliyesoma Marekani aliniandikia "My boss ticked me off." Nikampa pole kwa kukaripiwa. Akashangaa, akasema bosi hakumwambia neno.
*Msomaji wa siku nyingi*

Kila mmoja wenu alikuwa sahihi upande wake wa bahari. London, "tick somebody off" ni kumkaripia mtu, karipio la kawaida lisilo zito, na nomino yake ni "a ticking-off". Chicago, ni kumuudhi mtu, na "ticked off" ni mtu aliyekasirika. Pande zote wakisema "tell off" wanaelewana kuwa ni kukaripia, hivyo hilo ndilo la kutumia. Kiwakilishi huwekwa katikati: "She told him off", kamwe si "told off him". Andika "off" yenye herufi mbili za "f", kwa sababu "told of" ni kusimulia habari za kitu.

Wamarekani pia husema "chew somebody out", nalo ni kali. "A dressing-down" ni karipio zito, lakini "dress down" bila kumtaja mtu baada yake ni kuvaa nguo za kawaida badala ya suti. Tangazo la ofisi lenye "dress-down Friday" halimtishi mtu yeyote.

"Censure" na "censor" ni neno moja lenye tahajia mbili?
*Mwandishi chipukizi*

Hapana. "Censor" ni kukagua maandishi au filamu na kuondoa visivyotakiwa. "Censure" ni kumshutumu mtu rasmi, hasa kwa azimio la chombo chenye mamlaka. Yote mawili yamepitia kwa "censor", afisa wa Roma ya kale aliyehesabu raia na kusimamia maadili yao, ndiyo maana yanafanana.

Mfano unaosaidia kukumbuka ni wa tarehe 2 Desemba 1954, Seneti ya Marekani ilipomshutumu Seneta Joseph McCarthy kwa kura 67 dhidi ya 22. Hiyo ilikuwa "censure". Hakuvuliwa kiti, aliendelea kuwa seneta. Usitafsiri basi kila "vote of censure" kuwa kura ya kutokuwa na imani. Katika nchi nyingine humwondoa mtu madarakani, katika nyingine ni fedheha iliyoandikwa tu. Soma katiba ya nchi inayotajwa kabla ya kuchagua neno.

Hospitalini muuguzi aliandika "patient complains of chest pain". Nilikuwa nimeuliza tu, sikulalamika. Je, alikuwa ananisema vibaya?
*Mgonjwa aliyepona*

Pole, na usiwe na wasiwasi. "Complain of" ni lugha ya kawaida ya tiba: mgonjwa anaeleza kwamba anasikia maumivu fulani. Haina lawama. "Complain about" ndiyo kulalamika: chakula, foleni, kelele. Anayeambiwa hufuata "to". "I complained to the nurse about the noise" ina yote. "Complain for" haipo kwa maana yoyote kati ya hizo.

Wanaoandika barua za malalamiko wengi huanza na "I want to complain", nayo si kosa, ila "I am writing to complain about" ndiyo desturi. Ukitaka kulegeza, "I wish to raise a concern about" hupinga bila kugonga meza. "Demur" ni laini zaidi, ni kusita kukubali. Usilizidishie "e", kwa kuwa "demure" ni sifa ya mtu mtulivu mwenye haya.

Na kwa kuwa swali hili hurudi: ni "blame somebody for something" lakini "accuse somebody of something". "Accuse for" ni kosa hata kama mnenaji anajiamini.

"The coach read the players the riot act." Ni sheria gani aliyowasomea?
*Shabiki*

Hakusoma chochote. Aliwapa onyo kali la mwisho. Lakini sheria ilikuwepo kweli. Bunge la Uingereza liliitunga, na ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti 1715. Watu 12 au zaidi wakikusanyika kwa fujo, ofisa aliwasomea kwa sauti tangazo la kuwataka watawanyike. Waliobaki baada ya saa moja walihesabiwa wahalifu, na adhabu ilikuwa kifo. Usemi umehifadhi sehemu ile ya kusoma na ile ya nafasi ya mwisho. Kwa hiyo usiutumie kwa karipio la kwanza la kosa dogo. Unafaa pale ambapo subira imekwisha na hatua nyingine inafuata. Mpangilio wa maneno ni mtu kwanza, kisha "the riot act", na siku hizi huandikwa kwa herufi ndogo.

Nimeona mwanamke akiitwa "a scold" kwenye hadithi ya zamani. Je, ni jina la kazi?
*Msomaji wa riwaya*

Ni tusi. Lilimaanisha mwanamke mgomvi anayesumbua majirani kwa mdomo wake, na katika sheria ya Uingereza "common scold" lilikuwa kosa ambalo kivitendo waliopatikana nalo walikuwa wanawake. Kosa hilo lilifutwa na Sheria ya Jinai ya mwaka 1967. Kitenzi "scold" hakina uchafu huo na unaweza kukitumia bila hofu. Nomino yake leo humsema yeyote anayependa kukosoa wenzake, lakini ukimwita mwanamke hivyo harufu ya zamani inarudi. Ukitaka nomino ya tendo, tumia "a scolding": "He got a scolding from his aunt."

"Nag" ni jirani yake. Hilo ni kumsumbua mtu kwa kurudia jambo lile lile, na nalo hutupiwa wanawake kuliko wanaume. Mwandishi anayetaka haki aandike tu "kept reminding him".

Naomba matamshi. Nikisoma maneno haya mbele ya watu huwa nababaika.
*Mtangazaji*

Mawili hubadilisha mkazo kulingana na kazi. Nomino ni PRO-test, kitenzi ni pro-TEST. Nomino ni OB-ject, kitenzi ni ob-JECT. Usiipanue kanuni hiyo kwa mengine: "rebuke" ni re-BUKE likiwa nomino na likiwa kitenzi, "reprimand" ni REP-ri-mand popote, "censure" ni SEN popote na "s" yake ya katikati hutamkwa karibu na "sh".

"Remonstrate" Waingereza hukaza mwanzo, REM-on-strate, Wamarekani wengi hukaza katikati, re-MON-strate. "Admonish" ni ad-MON-ish. "Demur" hukazwa mwishoni. "Chastise", yaani kukaripia vikali, huishia kwa sauti ya "z" ingawa tahajia yake ni "-ise", na hata Marekani haliandikwi kwa "z". "Chide" lina "ch" ya "chai", na wakati wake uliopita wa kawaida ni "chided". "Chid" utaliona kwenye maandishi ya kale.